Saraka ya Majina katika Usimamizi wa Seva za Ujumbe

Saraka ya majina huiambia programu foleni yake ya ujumbe iko kwenye seva gani na inafikiwa kwa njia ipi. Katika IBM MQ, iliyotoka mwaka 1993 ikiitwa MQSeries, saraka hubeba maelezo ya foleni pamoja na ya muunganisho: meneja wa foleni, anwani ya seva, chaneli na poti, ambayo kwa kawaida ni 1414.

Mwandishi alipoingia katika usimamizi, programu nyingi alizozikuta zilikuwa na anwani ndani ya msimbo. Seva ikihamishwa, watengenezaji walikesha wakizirekebisha na kuzisambaza upya. Saraka iliwaondolea adha hiyo: msimamizi hubadilisha ingizo moja, na programu ikiwashwa tena huisoma anwani mpya.

Ujenzi huanzia kwenye JMSAdmin.config, faili ya mipangilio ya JMSAdmin, zana ya IBM MQ ya kuunda maingizo ya saraka kwa ajili ya programu za Java. INITIAL_CONTEXT_FACTORY hutaja aina ya saraka, na PROVIDER_URL hutaja mahali ilipo. Kisha, ndani ya JMSAdmin, amri ya DEF QCF huunda maelezo ya muunganisho na DEF Q ya foleni.

Uamuzi mzito ni pa kuyaweka maingizo hayo. Kuyaweka katika faili la .bindings kwenye diski kunafaa majaribio, lakini kila kompyuta huishia kuwa na nakala yake. Katika ofisi moja alikofanya kazi mwandishi, nakala moja ilisahaulika, na baadhi ya ujumbe ukaendelea kwenda kwenye seva ya zamani bila kosa lolote kuripotiwa. Tangu hapo hakukubali faili kwenye mifumo ya malipo. Seva ya LDAP, yaani ya saraka inayofikiwa kupitia mtandao, huweka kila kitu mahali pamoja, kwa poti 389, au 636 kwa mawasiliano yaliyofichwa. Hata hivyo, lazima kwanza seva ipewe skima ya vitu vya Java, iliyoainishwa katika RFC 2713 ya mwaka 1999. Bila hiyo maingizo hukataliwa. JMSAdmin huongeza yenyewe "cn=" mbele ya jina, ilhali mtengenezaji wa programu hana budi kuiandika, jambo linalowasumbua wageni wengi.

Haki za kuandika wapewe wasimamizi wachache mno, kwa kuwa anayeweza kuhariri ingizo anaweza kuelekeza malipo kwenye seva yake. Dosari ya Log4j, maktaba ya Java ya kurekodi matukio, iliyofichuliwa Desemba 2021, ilionyesha hatari iliyo jirani: programu zilishawishiwa kuuliza majina kwenye seva ya LDAP ya mshambuliaji. Kwa hiyo PROVIDER_URL haipaswi kamwe kutoka kwenye data ya mtumiaji. Mwisho, saraka hujaribiwa kwa akaunti ya programu yenyewe, kutoka kwenye kompyuta itakamofanyia kazi.