Kadi ya Nne

Stima ilipotea Jumamosi jioni, tarehe 3 Septemba 2022. Iliporudi saa mbili usiku kila kitu nyumbani kiliamka isipokuwa mashine yetu. Feni zilizunguka, taa zikawaka, lakini kwenye simu ukurasa wa uchimbaji ulionyesha sufuri. Nikangoja dakika kumi. Sufuri.

Mashine yenyewe haikuwa na sura ya kompyuta. Ilikuwa fremu ya mbao aliyoigongelea misumari mdogo wangu, na kadi tano za grafiki aina ya RX 580 zimetundikwa juu kama mitumba, kila moja ikiunganishwa na mazabodi kwa waya wa raiza. Ilikaa nyuma ya kochi kwetu Umoja, ikichimba Ethereum mchana na usiku. Kelele yake tulishaizoea. Mgeni akiuliza, tulisema ni friji.

Mashine ya aina hii haihitaji skrini. Inapiga hesabu zake, wewe unaangalia simu. Skrini unaitafuta siku imekataa, na skrini ya pekee nyumbani ilikuwa TV ya mama.

"Mnaipeleka wapi?"

"Dakika tano tu, Mama."

"Jumatatu Mahakama ya Juu inatoa uamuzi. Nataka TV yangu hapo, na iwe inaongea."

Jumatatu ilionekana mbali sana.

Nikachomeka HDMI kwenye mazabodi, mahali tulipozoea. TV ikasema haipati signali. Nikabadilisha waya. Nikatoa RAM, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli vile mafundi wa Luthuli hufanya, nikairudisha. Bado giza. Kufikia saa sita usiku nilikuwa nimeshaamua nani ana makosa: mdogo wangu, kwa sababu kadi ya tano ndiye aliyeitafuta, kwa jamaa mmoja aliyekuwa anahama nyumba.

"Ulinunua kadi imeungua," nikamwambia. "Na ulinunua na pesa si yetu."

Hakujibu. Alienda kulala na viatu.

Hiyo "pesa si yetu" nieleze. Kadi tatu tulinunua wenyewe. Mbili za mwisho zilitoka kwa elfu sitini ambazo mama alikopa kwenye chama chake, baada ya mimi kumwambia nataka kompyuta ya kazi za mtandaoni. Si uongo kabisa, nilijiambia. Lakini mashine ilikuwa inakula karibu wati 700, yaani unit kama kumi na saba kwa siku, na kufikia Agosti ilichokuwa inaleta kilitosha stima tu, siku zingine hata hakitoshi. Tokeni nyingi nilinunua mimi. Zingine alinunua mama. Alishuku friji, akaanza kuizima kila usiku, na asubuhi anachemsha maziwa upya kabla hayajaharibika. Nilimwona akifanya hivyo karibu mwezi mzima na nikanyamaza.

Jumapili nikaanza upya, polepole. Nikatoa kadi zote tano. Nikawasha na mazabodi peke yake: picha ikaja! Nikarudisha kadi moja: giza. Nikahamisha HDMI kutoka mazabodi hadi kwenye kadi yenyewe: picha. Hapo ningefaa kushtuka, kwa sababu tangu tuunde mashine picha ilikuwa inatoka kwenye mazabodi, tulikuwa tumeipangia hivyo. Lakini ukishapata picha baada ya usiku kama ule, huulizi maswali. (Tena tulikuwa na bahati. Kuna kadi za Nvidia zinaitwa P106, zilitengenezwa kwa uchimbaji na hazina hata tundu la skrini. Hapo ungechomeka HDMI wapi?)

Kadi ya pili, picha. Ya tatu, picha. Ya nne, giza.

Nikaitoa hiyo ya nne nikiwa na furaha mbaya. Nikaweka nyingine mahali pake: giza. Nikaweka ile ya tano, yenye lawama zote: giza. Kisha nikaiacha ya tano iwe peke yake kwenye mashine. Picha safi kabisa.

Kwa hivyo haikuwa kadi gani. Ilikuwa kadi ngapi.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Nilikuwa kwenye ukurasa wa BIOS, nimepita hapo mara ishirini tangu asubuhi. Akaonyesha kona ya juu.

"Kwani sisi tuko 2017?"

Tarehe ilisema 1 Januari 2017. Betri ndogo ya duara kwenye mazabodi, CR2032, kama ya saa, ilikuwa imekufa. Miezi yote mashine haikuwahi kuzimwa kwa muda mrefu, kwa hivyo hatukujua. Stima ilipokatika, ikasahau kila kitu tulichoipangia: picha itoke wapi, na ile mpangilio inayoitwa Above 4G Decoding, inayoruhusu mazabodi kuzipa kadi nyingi nafasi ya kutosha ya anwani za memori. Bila hiyo, yetu iliishia kadi tatu.

Betri ilitugharimu bob mia.

"Pole kwa jana," nikamwambia.

"Mwambie Mama," akasema. Hakuwa anazungumzia betri.

Nilimwambia usiku huo, TV ikiwa bado sakafuni. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye leso. Kisha akauliza, "Friji haikuwa na shida?"

"Haikuwa."

Aliinuka akaenda kuiwasha. Hakurudi sebuleni. Jumatatu aliangalia uamuzi wa mahakama bila kutusemesha, kadi zote tano zikivuma nyuma yake.

Zilivuma siku kumi zaidi. Alhamisi tarehe 15 Septemba, saa tatu na dakika arobaini na mbili asubuhi, Ethereum ilihamia mfumo usiotumia wachimbaji. Mabadiliko yalikuwa yametangazwa zamani, tulijua yanakuja, na bado tulikaa mbele ya simu tukitazama. Kuna sarafu zingine za kuchimba, lakini wachimbaji wote walikimbilia huko pamoja na hazikulipa hata stima.

Tuliuza kadi nne. Bei ilikuwa imeanguka, kila mtu alikuwa anauza. Kijana mmoja wa kucheza gemu alikuja akageuzageuza moja kwenye taa.

"Buda, hii ilikuwa ya kuchimba?"

Mdogo wangu akaniangalia.

"Ndio," nikasema. "Mchana na usiku."

Akatoa elfu mbili kwenye bei, akachukua. Jumla ikafika elfu ishirini na sita. Mama alizihesabu mara mbili, akaandika kwenye daftari la chama, na chini yake akaandika deni lililobaki na jina langu.

"Sasa rudisheni hilo kochi ukutani," akasema.