Budapest Ilipoimba kwa Mafumbo

Nilifika Budapest mwaka 1982 kwa ufadhili wa masomo, sijui hata salamu ya Kihungaria. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tupu. Darasani tulipewa sarufi, lakini masikio yangu yalifunguliwa na nyimbo, na aliyenionyesha njia hiyo ni mama mmoja aliyekuwa akishika zamu mapokezi ya bweni letu. Sote tulimwita shangazi, kama Wahungaria wenyewe wanavyomwita mwanamke aliyewazidi umri.

Shangazi alipenda filamu za kuimba za ujana wake. Televisheni ikionyesha *Állami Áruház*, usitegemee kupata ufunguo wa chumba mpaka filamu iishe. Ni filamu ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, enzi za utawala wa Rákosi, nchi ikiwa imebanwa kwelikweli. Inahusu duka kubwa la serikali. Kijana mchapakazi anapandishwa cheo kuwa mkurugenzi, walanguzi wanaeneza uvumi kwamba bidhaa zitaadimika, watu wanalivamia duka, na mwishowe mzigo mpya unafika na walanguzi wanaumbuka. Katikati yake kuna mapenzi, kuna mchekeshaji Latabár Kálmán akijipinda na kurukaruka, kuna Feleki Kamill kama mhasibu mzee mwenye moyo mwema, na kuna nyimbo za Kerekes János ambazo shangazi alizijua zote.

Mimi niliitazama kwa macho mengine. Ilikuwa 1983, na kwetu Tanzania ulikuwa umeanza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Barua za nyumbani zilijaa habari za foleni za sukari na sabuni. Nilipoona rafu zile za kwenye filamu zimefurika vitambaa, nikamwuliza shangazi kama kweli maduka yao yalikuwa hivyo wakati ule. Alinitazama kama mtoto. Akasema hapana, na kwamba ukumbini hapakuwa na mtu aliyeamini. Walikuwa wamekwenda kumwona Latabár. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mwaka 1951 familia moja ya jengo lao ilipewa amri ya kuhama mji na kupelekwa mashambani, na wao waliobaki waliendelea kwenda sinema. Mwaka uliofuata niliona filamu ya Bacsó Péter, *Te rongyos élet*, inayomhusu mwigizaji wa operetta aliyehamishwa kwa nguvu namna hiyohiyo, nikaelewa kwamba shangazi hakuwa amenisimulia jambo dogo.

Vijana wa bwenini walikuwa na nyimbo nyingine. Kaka na dada zao walikulia kwenye bendi za Illés, Metro na Omega, na kwenye tamasha la nyimbo la televisheni lililoanza mwaka 1966 na kumpa ushindi Kovács Kati. Mwaka 1967 bendi hizo ziliingizwa kwenye filamu, *Ezek a fiatalok*, na serikali iliyokuwa ikiwatilia shaka wapiga gitaa wenye nywele ndefu ikawa imewaweka kwenye sinema zake yenyewe.

Siasa ya utamaduni ya wakati ule, ambayo Aczél György ndiye aliyeisimamia, iligawa kazi za sanaa mafungu matatu: za kuungwa mkono, za kuvumiliwa na za kupigwa marufuku. Kampuni ya santuri ilikuwa moja tu, ya serikali. Santuri ya Koncz Zsuzsa, *Jelbeszéd*, ilitoka 1973 ikaondolewa madukani kwa sababu ya wimbo mmoja wa Bródy János, ambamo mwimbaji anajiwazia kuwa waridi, kisha lango, kisha dirisha, na akifika kwenye mtaa, vifaru vinapita juu yake. Mji uliokumbuka vifaru vya Kisovieti vilivyozima maasi ya 1956 haukuhitaji maelezo. Niliiona nakala moja, jalada limechakaa pembeni, mwenyewe hakukubali itoke chumbani kwake. Aliyekulia kwenye taarab anajua namna ile ya kusikiliza: wimbo unamtaja waridi, na ukumbi mzima unajua anayesemwa ni nani.

Ndiyo maana *István, a király*, yaani Mfalme István, ilitutikisa. Opera hiyo ya roki ya Szörényi Levente na Bródy ilizinduliwa tarehe 18 Agosti 1983 katika bustani ya Városliget, kwenye kilima ambacho watoto hutelezea theluji, na santuri zake zilipigwa bwenini majira yote ya baridi. Aliyeongoza onyesho, Koltay Gábor, ndiye pia aliyeliweka kwenye filamu, na mwaka 1984 nikaenda kuitazama na vijana wawili wa chumba changu.

Hadithi ni ya karibu miaka elfu iliyopita. István anataka taifa la Kikristo lenye urafiki na Magharibi. Ndugu wa baba yake, Koppány, anashikilia mila na uhuru, anaasi, anashindwa na jeshi lenye mashujaa wa Kijerumani. István aliigizwa na Pelsőczy László, lakini sauti ni ya Varga Miklós. Koppány ni Vikidál Gyula mwenyewe, kifua wazi, sauti ya kupasua dari. Nagy Feró, ambaye bendi yake Beatrice hadi wakati ule ilikuwa haijapewa santuri kubwa, humo aliimba kama Laborc. Upande wa kanisa unaimba kama mapadri, wa Koppány unapiga roki nzito, na wale mabwana watatu wanaogeuka kila upepo unapogeuka wamepewa muziki wa kuchekesha. Ukumbi uliwacheka kwa uchungu, maana kila ofisi ilikuwa na wa kwake.

Usiku ule hatukulala. Mmoja wa wenzangu alisema István ni Kádár, kiongozi wa nchi wakati ule, aliyekubali majeshi ya kigeni ili nchi ibaki hai. Mwingine alisema Koppány ni Nagy Imre, waziri mkuu wa 1956 aliyenyongwa 1958, na kwamba yeye yuko upande wake. Wakanigeukia mimi. Nikasema István. Nilitoka nchi changa, nilijua gharama ya kuunganisha watu chini ya dola moja. Sijabadili jibu hilo.

Lakini yule wa Koppány aliuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake. Baada ya vita, Réka, binti wa Koppány, kwa sauti ya Sebestyén Márta ya nyimbo za kale za vijijini, anamwomba István maiti ya baba yake akaizike. István anataka kukubali. Mama yake, Sarolt, anakataa, na Koppány anakatwa vipande vinne. Kijana yule akaniuliza kama najua kaburi la Nagy Imre liko wapi. Mwaka 1984 halikuwa na alama yoyote. Alizikwa upya kwa heshima tarehe 16 Juni 1989, uwanja wa Hősök tere ukiwa umejaa watu, si mbali na kile kilima.