Kutoka Mwanza Kwenda Namugongo

Tulipokuwa vijana wa kwaya hapa Mwanza, safari ya nje ya nchi ilikuwa moja tu: hija ya Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi, Juni 3. Ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto mwaka 1886. Mashahidi 22 Wakatoliki wakatangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Juni 3 haisogei.

Kazi ilikuwa kulivuka ziwa. Wazee wetu walipanda MV Victoria jioni, wakaamka Bukoba, ndipo wakatafuta gari la kwenda mpakani Mutukula. Lakini MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, karibu kabisa kufika Mwanza, misiba iliingia kila mtaa. Akina mama wa jumuiya yetu wakasema meli basi, watazunguka kwa barabara.

Barabara nayo ilikatwa na maji pale Kigongo. Basi likifika, abiria wote tulishushwa tukaingia kivukoni kwa miguu. Ng'ambo, Busisi, mama mweka hazina alisimama mlangoni mwa basi, fedha kazifunga kwenye kanga kiunoni, daftari mkononi, akatuita jina kwa jina. Hakuna aliyepanda kabla hajaitwa. Daftari lile lilianza Januari: kila Jumamosi baada ya sala kila mtu alitoa alichojaliwa, kwa sababu muuza dagaa hawezi kulipa nauli, hati ya kusafiria na chanjo ya homa ya manjano kwa mkupuo.

Baadaye michango ikahamia kwenye simu, na vijana wakaja na hoja ya mpira. Septemba 8, 2018, Taifa Stars ilicheza na Uganda uwanja wa Namboole, wakatoka sare ya bila kufungana. Namboole na Namugongo ni jirani, kwa hiyo mwaka ule tulikwenda siku ya mechi: asubuhi tulisali, tukachota maji ya ziwa dogo lililo mbele ya basilika, mchana tukaenda kuishangilia timu. Wapo wazee walionung'unika kwamba hija imegeuzwa ushabiki. Mimi niliwaona vijana wasiokanyaga jumuiya wamepiga magoti pale, nikafurahi kwa moyo wote. Tangu hapo kamati hupanga ikiwa na kalenda mbili mezani, ya kanisa na ya mpira.

Corona ilitusimamisha 2020. Kisha Juni 2025 likafunguliwa Daraja la JPM, Kigongo hadi Busisi, kilomita 3, na maji yaliyotuchelewesha saa nzima na zaidi sasa tunayavuka kwa dakika chache. Namshukuru Mungu kwa daraja lile.

Kinachoniuma ni daftari. Siku hizi tangazo linatoka kwenye kundi la WhatsApp usiku, asubuhi basi limejaa, na bibi mwenye simu ya kitochi anapata habari Jumapili wakati nafasi zimekwisha. Bibi kama hao ndio waliotuanzishia safari hii.

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 wamepewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na safari za makundi zitakuwa nyingi. Viongozi wa jumuiya na wa matawi ya mashabiki, nawaomba: fungueni daftari mapema, pokeeni hata shilingi elfu moja, na asiye na simu janja mfuateni nyumbani kwake kabla hamjalipia basi.