Maji ya Mulele na Vitabu vya Marx

Agosti 1964, waasi wa Simba walipouteka mji wetu wa Kisangani, bado ukiitwa Stanleyville, sisi watoto tulijua jambo moja tu: ukinyunyiziwa dawa ya Mulele, risasi inageuka maji. Marx hatukumsikia. Na Mulele mwenyewe, kiongozi wa waasi aliyejifunza vita vya msituni China, alikuwa Kwilu, mbali magharibi. Katika vita vyote vile hakuonekana kwetu. Baba alikuwa kalaka, yaani karani, akajificha. Waliosingiziwa kuwa PNP, chama kilichosemwa ni cha wazungu, waliuawa mbele ya mnara wa Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza. Tarehe 24 Novemba wanajeshi wa Ubelgiji wakashuka kwa miavuli kutoka ndege za Marekani.

Miaka ya sabini, chuo chetu kikiwa tawi la UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, nilisoma maandishi ya Benoît Verhaegen kuhusu uasi ule. Yeye aliona umma umewainukia waliorithi viti vya wakoloni. Nilishtuka: hao waliorithi viti si ndio kina baba? Crawford Young aliyatazama mambo yaleyale akaona pia makabila na majimbo. Tulibishana hadi usiku, kwa sauti ya chini, maana Rais Mobutu hakutaka wa kushoto wala wa kulia. Baadaye Ludo Martens, Mbelgiji mfuasi wa Mao, akamfanya Mulele mrithi halisi wa Lumumba. Lakini Che Guevara, aliyepigana kando ya Tanganyika mwaka 1965, alijiuliza swali gumu kuliko yote: mkulima ambaye tayari ana shamba, mapinduzi yatampa nini?

Mwaka 1999 akaja Kisangani kiongozi mwingine wa waasi, Wamba dia Wamba, mwanafalsafa aliyefundisha Dar es Salaam, aliyeamini siasa huzaliwa pale watu wanapokaa kuzungumza. Nilipenda maandishi yake. Ila alikuja chini ya ulinzi wa jeshi la Uganda, na Agosti ya mwaka huohuo Waganda na Wanyarwanda wakapigana mitaani kwetu. Juni 2000 wakarudia kwa siku sita.

Leo namwegemea Verhaegen, lakini si kwa yote. Simba waliobeba mikuki wengi walikuwa vijana wasio na kazi, si wakulima wa Mao wala wafanyakazi wa Marx. Na Christophe Gbenye, rais wao, aliwahi kuwa kalaka. Tafsiri isiyoeleza kwa nini kalaka mmoja alitawala huku mwenzake akijificha, hiyo haijaifikia Kisangani.