Sumaku za mwanzo wa ulimwengu, na kodi ya nyumba

Najua nimepotea. Sijaugua wala sijahama Kakamega. Nimekuwa nikihangaika na sumaku.

Mchana naandika programu za wateja: karo za shule, hesabu za duka la dawa. Usiku najifunza Pencil Code, programu huria ambayo Axel Brandenburg na Wolfgang Dobler walianza kuiandika mwaka 2001 kwa Fortran. Hukokotoa mwendo wa giligili zenye sumaku, na watafiti huitumia kuchunguza ule wakati ulimwengu ulipokuwa mchanga, mchuzi wa moto unaopitisha umeme.

Nilidhani kupanuka kwa ulimwengu ndiko kutanitoa jasho. Kumbe mwaka 1996 Brandenburg, Enqvist na Olesen walionyesha kwamba, kwa enzi iliyotawaliwa na mnururisho, ukibadilisha vipimo ifaavyo milinganyo inachukua sura ya ulimwengu usiopanuka.

Kilichonitoa jasho ni ujuaji wangu. Nilipunguza mnato karibu na sifuri ili mambo yawe "halisi". Baada ya dakika chache kila tarakimu ikageuka NaN. Nishati hushuka kwenye vizingia vidogo zaidi na zaidi. Ikifika kwenye upana wa gridi bila mnato wa kutosha, haina pa kwenda. Inarundikana, kisha hesabu inalipuka.

Nikaongeza mnato. Gridi ya 64 kwa kila upande, yaani vituo 262,144, ikaenda vizuri. Tamaa ikanishika, nikapanda hadi 128. Vituo mara 8, na hatua za muda lazima ziwe nusu, hivyo kazi ni mara 16. Usiku wa pili mvua ikanyesha, radi ikapiga, stima ikapotea. Betri ya laptopu ilikufa kitambo, nami nilikuwa nimeiambia programu isihifadhi mara kwa mara ili iende mbio. Yote yakaisha. Asubuhi hiyo nilipaswa kukabidhi kazi ya mteja, na sikuwa nayo. Akampa mtu mwingine.

Mama aliposikia akauliza, "Sasa mwanangu, hizo sumaku zitalipa kodi?" Nikanyamaza.

Nilirudi kwenye 64, nikihifadhi kila hatua 100. Nendeni mtazame mto Isiukhu baada ya mvua: kizingia kikubwa huvunjika kuwa vidogo hadi vipotee. Kwenye skrini yangu, kwa kuwa uga wa sumaku ulikuwa na msokoto, vidogo viliungana vikawa vikubwa. Nilikodoa macho hadi jogoo wakawika. Chuoni nilifaulu mtihani wa hesabu za namna hii bila kujua ni za nini. Usiku huo nilijua.

Sasa nina sheria: kazi ya mteja kwanza, sumaku baada ya saa tatu usiku. Swali la mama bado sijalijibu, lakini kodi ya mwezi huu nimelipa.

Tukutane wakati mwingine, stima ikiruhusu.