Kiangazi cha Kiingereza Mjini Reading

Barua ya udahili iliyonitoa Dar es Salaam kwenda Uingereza ilikuwa na sharti moja: masomo ya uzamili ningeyaanza mwishoni mwa Septemba, nikishafaulu kozi ya awali ya Kiingereza cha kitaaluma. Matokeo yangu ya IELTS, mtihani ambao alama zake ni 0 hadi 9, yalipungukiwa na nusu alama upande wa kuandika. Kama Watanzania wengi, nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kuanzia kidato cha kwanza masomo karibu yote yakawa kwa Kiingereza. Nikapanda ndege nikiamini nakwenda kunyoosha sarufi.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza nje ya nchi. Tulibadilisha ndege Doha, tukatua Heathrow, na hapo nikachukua basi la RailAir ambalo lilinifikisha stesheni ya Reading hata saa moja haijaisha. Muda wote nilikuwa nimebandika uso dirishani. Barabara kuu ile haina mtembea kwa miguu, haina genge, haina hata mtu aliyesimama akingoja lifti. Kutoka stesheni, basi namba 21 lilinipeleka Whiteknights, kampasi ya chuo yenye ziwa na bata bukini wanaotembea njiani bila kumwogopa mtu. Saa tatu usiku jua bado lilikuwa halijazama. Nilivuta pazia nikalala mchana huohuo wa usiku.

Darasani wengi walikuwa Wachina, kisha Wasaudi, Wathai na wengineo. Kutoka Afrika Mashariki nilikuwa peke yangu. Mwalimu alituambia tumwite kwa jina lake tu. Mimi ulimi ulikataa, nikaendelea kumwita madam mpaka kozi ikaisha, naye akaridhia.

Asubuhi moja aliandika ubaoni: umaskini husababisha wasichana kuacha shule. Akageuka, akauliza. Wasichana wote? Wa nchi gani? Nani kasema, na alipimaje? Kimya. Kisha tukaanza kuifumua sentensi ile pamoja. Mmoja akaongeza "katika baadhi ya maeneo ya vijijini". Mwingine akapendekeza "huenda ni miongoni mwa sababu". Msaudi aliyeketi kando yangu akataka jina la mtafiti na mwaka viwekwe kwenye mabano. Kipindi kilipokwisha, sentensi ilikuwa imejaza mistari mitatu na hapakuwa na neno ndani yake tusiloweza kulitetea. Hapo nikaelewa nilichoitiwa. Sarufi niliyoifuata ilikuwa sehemu ndogo tu. Kazi yenyewe ilikuwa kujifunza kudai kwa kadiri ya ushahidi nilionao, bila kuzidisha.

Baada ya hapo mengi yalifunguka. Tulisoma mpangilio wa utangulizi wa makala ya utafiti kama alivyoueleza John Swales mwaka 1990: mwandishi huonyesha kwanza kwamba eneo lake lina uzito, kisha hutaja pengo lililoachwa na waliotangulia, halafu hueleza anavyokuja kuliziba. Nilichukua makala za fani yangu nikazipekua moja baada ya nyingine, na pengo nikalikuta karibu kila mahali. Tangu siku hiyo sikusoma tena makala kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Naanza na ikisiri, naenda kwenye hitimisho, napitia vichwa vidogo, ndipo naamua kama katikati panastahili muda wangu.

Msamiati tuliupata katika orodha ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya taaluma mbalimbali. Kuikariri peke yake hakukunisaidia. Niliyoyashika ni yale niliyoyakuta tena katika makala, nikayatumia katika aya yangu wiki hiyohiyo.

Kwenye mihadhara niligawa kila ukurasa wa daftari kwa mtindo wa Cornell: upande mpana wa kulia maelezo, upande mwembamba wa kushoto maswali, na chini muhtasari niliouandika jioni. Safu ile ya kushoto ndiyo iliyonifungua mdomo kwenye semina. Sisi tumelelewa kungoja tuulizwe, na anayemkatiza mwalimu huonekana hana adabu. Kule anayenyamaza huhesabiwa kuwa hakusoma. Nikawa naingia semina na swali limeshaandikwa, nalisema mapema, na baada ya hapo kuongea kulikuwa rahisi. Lafudhi yangu ya Kitanzania hakuna aliyeigusa, wala haikunipunguzia alama.

Nilifaulu, na uzamili nikauanza. Wenzangu waliopita moja kwa moja kwa alama za IELTS niliwaona wakihangaika muhula wa kwanza na mambo ambayo sisi tulishayamaliza kiangazi.

Kwa hiyo wewe uliyepokea barua yenye sharti kama langu, usiione kozi hiyo kuwa adhabu. Kabla hujasafiri, tafuta makala tatu za fani yako, uzisome, uandike muhtasari wa kila moja bila kuitazama. Ukifika, mwombe mwalimu akuonyeshe insha iliyofaulu, na uisome kabla hujaandika ya kwako.