Insha ya Ziada

Nchini Marekani, sheria husomewa baada ya shahada ya kwanza. Mwombaji hutuma alama zake, barua za mapendekezo, aghalabu matokeo ya mtihani wa LSAT, na maelezo binafsi ya kurasa mbili hivi. Kisha vyuo vingi humruhusu, bila kumshurutisha, kuongeza insha nyingine. Aongeze ipi?

Tuseme ni binti wa wahamiaji. Muhula alioanguka akimuuguza babaye huhitaji aya moja kavu: lini, kwa nini, na alama zilivyopanda baadaye. Akinyamaza, kamati itajibunia sababu.

Insha ya asili na malezi ndiyo nzito. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilivikataza vyuo kuipa rangi ya mwombaji uzito kwa yenyewe. Hata hivyo, Jaji Mkuu John Roberts alikiri kwamba mwombaji angali huru kueleza jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake. Basi kutaja asili hakutoshi. Binti huyu, aliyekuwa mkalimani wa mamaye hospitalini tangu utotoni, aeleze ni neno gani la daktari lililomshinda kutafsiri, na alifanyaje. Iwapo kisa hicho kimekwisha kusimuliwa katika maelezo binafsi, asikirudie; ukurasa wa pili na uachwe mtupu.